Kaka anataka kunifungia kwenye lifti hadi woga uniishe. Nikubali?

SWALI: Daktari, nina miaka 34, naishi Umoja, Nairobi, na nafanya kazi ya uhasibu mjini. Mwaka 2019 stima ilipotea nikiwa peke yangu kwenye lifti ya jengo moja hapa mjini. Nilikaa gizani kama dakika 40 kabla ya kutolewa. Tangu siku hiyo sijaingia lifti. Ofisi yetu iko ghorofa ya 6, napanda ngazi kila siku. Mwezi ujao tunahamia Upper Hill, ghorofa ya 17. Kaka yangu mkubwa ameona video ya mtu aliyefungiwa chumbani na nyoka mpaka woga ukamwisha. Sasa anasema dawa ya moto ni moto: Jumamosi atanishika mkono, tuingie lifti, tupande na kushuka kwa saa 2, nilie nisilie. Anasema hii ni tiba ya madaktari kabisa. Ni kweli? Nikubali?

JIBU: Dada yangu, kaka yako hajatunga. Tiba anayoisema ipo, imetumika kwa zaidi ya nusu karne, na imewafaa watu wengi. Hata hivyo, usikubali mpango wake wa Jumamosi. Amekosea mahali pamoja tu, lakini hapo ndipo penye tiba yenyewe.

Tuiite tiba ya mafuriko. Mtu haonjeshwi hofu yake kwa kijiko, anamwagiwa yote kwa wakati mmoja. Anayeogopa lifti anaingia lifti yenyewe, haonyeshwi picha yake, na anakaa humo mpaka hofu ichoke. Anayetajwa sana kama mwanzilishi wa njia hii ni Mmarekani Thomas Stampfl, miaka ya 1960. Yeye aliwafanya wagonjwa wake waikabili hofu kwa mawazo tu: wamekaa kitini, naye anawasimulia lile wanaloliogopa kuliko yote, kwa undani, bila kuwapa nafasi ya kulikimbia akilini. Wengine ndio waliotoka nje ya chumba cha ushauri na kwenda na wagonjwa wao kwenye maduka, kwenye magari ya moshi na kwenye lifti.

Kuna kisa ambacho karibu kila mwanafunzi wa saikolojia amekisikia. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, anasimulia habari za msichana aliyeogopa magari kupita kiasi. Aliingizwa kwenye gari, likaendeshwa kwa saa 4. Mwanzoni alishikwa na kiwewe, akapiga mayowe. Baadaye akanyamaza. Mwisho wa safari hofu ilikuwa imekwisha. Nadhani video aliyoiona kaka yako ni ndugu wa kisa hiki: kelele mwanzoni, utulivu mwishoni, na mtazamaji haulizi kilichotokea katikati. Wolpe mwenyewe hakuipenda sana njia hiyo. Kazi iliyompa jina, aliyoitoa kitabuni mwaka 1958, ni ya kupanda hatua moja moja, mwili ukiwa umetulizwa kwanza.

Basi tuangalie hiyo katikati.

Ulipokwama mwaka 2019, mwili wako ulifunga fundo kati ya lifti na kifo. Huo si ujinga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ndivyo tulivyoumbwa ili tuishi. Lakini dakika zile 40 ndizo zilizowasha hofu, sizo zinazoiweka hai leo. Mmarekani mwingine, O. Hobart Mowrer, alilieleza jambo hili mwaka 1947 kwa namna ambayo bado naitumia na wagonjwa wangu. Hofu huzaliwa kwa tukio, kisha hulelewa kwa kukwepa. Kila asubuhi unapofika chini ya jengo lenu, moyo unaanza kwenda mbio. Ukigeuka kushika ngazi, moyo unatulia. Nafuu ile ni tamu, na mwili unaichukua kama ushahidi: tumepona kwa sababu hatukuingia. Umeupa mwili wako ushahidi huo kila siku ya kazi tangu 2019. Ngazi ndizo zinazoilisha hofu yako.

Mafuriko yanafanya kazi kwa kuikatia hofu hicho chakula. Adrenalini hupanda, jasho hutoka, mikono hutetemeka, pumzi huwa fupi. Mtu huhisi kwamba itaendelea kupanda mpaka apasuke, lakini mwili hauwezi kubaki kwenye kilele hicho. Hofu hufika juu, hukaa, halafu huanza kushuka yenyewe. Mtu akiwa bado ndani ya lifti hofu inaposhuka, mwili hupata habari ambayo ngazi hazikuwahi kuupa: nilibaki, sikufanya lolote la kujiokoa, na sikufa.

Sasa tazama hesabu ya muda. Mwaka 1973, R. Stern na Isaac Marks wa London waliwachukua watu walioogopa kutoka nje na kwenda mahali pa watu wengi, wakalinganisha saa 2 mfululizo za kuikabili hofu na vipande 4 vya nusu saa katika alasiri moja. Muda ule ule, hofu ile ile. Saa 2 mfululizo zilishinda. Ukitoka hofu ikiwa bado juu, unatoka na nafuu kubwa kuliko yoyote uliyowahi kuipata kwenye ngazi, na hofu inaondoka imeshiba.

Hapo ndipo ninapomwogopea kaka yako. Piga picha ya Jumamosi. Dakika ya 6 uko kwenye kilele, unalia, amekushika mkono. Mlango unafunguka ghorofa ya 3, watu wanaona mwanamume amemng'ang'ania mwanamke anayelia. Bawabu anaitwa. Unatolewa. Umemwagiwa mafuriko, ukatolewa kabla maji hayajapungua. Nimewapokea watu waliofanyiwa hivi na ndugu wenye mapenzi mema, na mara nyingi kazi yangu ya kwanza ni kutibu tiba ile.

Tuseme hakuna anayewaingilia na saa 2 zinaisha. Bado pana shida, na kwako wewe ni kubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Soma tena barua yako. Kilichokuumiza mwaka 2019 ni kwamba mlango ulifungwa na hukuwa na uamuzi wowote juu ya kufunguka kwake. Kaka yako anataka kukufungia ili akuponye hofu ya kufungiwa. Maneno "nilie nisilie" yanairudisha siku ile ile, safari hii ikiwa na uso wa mtu unayempenda. Tiba ya mafuriko inayofanywa kwa haki huanza na ridhaa: mtu ameelezwa kila kitu kitakachotokea, anajua itauma kiasi gani na kwa nini, na ameingia kwa miguu yake. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nawakumbusha wagonjwa kwamba mwenye kuoga ndiye anayevua nguo, havuliwi na mtu. Kuchagua kubaki ni nusu ya dawa. Mtu aliyeshikiliwa hajifunzi kwamba anaweza kubaki, anajifunza kwamba alizidiwa nguvu.

(Kwa hiyo hiyo sababu, nawasihi wazazi mnaosoma hapa: mtoto anayelia akiona geti lenye kibao cha Mbwa Kali asisukumwe kwa mbwa ili "azoee". Mafuriko si ya watoto.)

Kabla hatujafika kwenye mpango, nina maswali yako wewe. Je, unaiota ile siku? Je, stima ikipotea nyumbani usiku unahisi umerudi mle ndani? Je, unaogopa pia matatu iliyojaa, choo kisicho na dirisha, foleni ndefu? Nairobi hii ina watu waliofukiwa kwenye vifusi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Mtu wa namna hiyo akiniambia anaogopa lifti, siendi naye kwenye lifti kwanza. Jeraha lake liko mahali pengine na lina matibabu yake. Kama majibu yako ni ndiyo, mweleze mtaalamu hayo kabla ya lifti. Mweleze pia kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kifafa, pumu, au una mimba. Na ikiwa umewahi kuzirai kwa kuona damu au sindano, sema. Woga wa damu ni wa aina ya peke yake: shinikizo hupanda kidogo kisha huanguka ghafla, mtu akazirai, kwa hiyo anafundishwa kwanza kukaza misuli ya mikono, miguu na kifua ili damu isishuke.

Kama ni lifti tu, ningekushauri njia iliyo katikati ya kijiko na mafuriko. Mswidi Lars-Göran Öst aliieleza mwaka 1989: kikao kimoja kirefu, hadi saa 3, baada ya mazungumzo ya maandalizi. Kasi ni kubwa, lakini kila hatua inafanywa kwanza na mtaalamu, mgonjwa akitazama, na hakuna hatua inayochukuliwa kwa kushtukiza. Napenda njia hii kwa sababu ina nguvu ya mafuriko bila ukatili wake, na kwa mtu mwenye mwezi mmoja kama wewe, inatosha muda.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Nilipanda na mama mmoja ambaye hakuwa ameingia lifti kwa miaka mingi (nimebadilisha mambo ambayo yangemtambulisha). Tulichagua Jumapili, jengo likiwa tupu, na tuliomba ruhusa. Tulikubaliana kipimo cha hofu kutoka 0 hadi 100, nami ningemuuliza kila baada ya dakika chache. Tukiwa tumesimama tu nje ya mlango, akaniambia 80. Mlango ulipofunguka, 95. Alikuwa ameukunja mkanda wa mkoba wake mara tatu kwenye ngumi. Niliingia mimi, nikashuka, nikapanda, yeye akitazama. Kisha akaingia na mlango ukiwa wazi, mguu wangu ukiuzuia. Tukakaa hivyo mpaka akasema 60. Ndipo akabonyeza kitufe yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Ghorofa moja. Alifumba macho. Nikamwomba ayafungue anisomee chochote kilichoandikwa ukutani. Akasoma kibao, sauti ikitetemeka: watu 8, kilo 630. Hakuwahi kujua kwamba ndani ya lifti kuna maandishi, maana katika kichwa chake lifti lilikuwa shimo jeusi. Tulipanda na kushuka mara nyingi sana. Alilia kidogo katikati, tukaendelea kupanda. Tulipokaribia saa nzima nikamuuliza ni ngapi, na kabla hajajibu akapiga mwayo. Mwayo ule ndio niliokuwa nikiungoja. Hofu ilikuwa imegeuka kuwa uchovu wa kupanda na kushuka bila sababu. Akasema 15. Nusu saa ya mwisho alipanda peke yake, mimi nikimngoja chini.

Kabla ya siku kama hiyo, keti uandike hasa unaogopa nini. "Lifti" haitoshi. Je, ni hewa kuisha? Kisanduku cha lifti hakijazibwa, kina nafasi za kupitisha hewa, na dakika zako 40 zilikuwa ushahidi wa hilo ingawa hukuusoma hivyo. Je, ni kuanguka? Lifti za kamba huning'inia kwa kamba kadhaa za chuma, si moja, na chini ya hizo kuna breki ya dharura. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama juu ya lifti yake mbele ya watu New York, akaamuru kamba ikatwe. Breki ikashika. Au ni kwamba utazimia, utapiga kelele, utaonekana kama mwendawazimu? Andika kila moja na uipe asilimia: "Naamini kwa asilimia 90 kwamba nitazimia." Baada ya kikao rudi kwenye karatasi hiyo na uandike kilichotokea. Watafiti wa miaka ya karibuni, Michelle Craske akiwa mmoja wao, wanasema kinachoponya zaidi ni ile tofauti kati ya ulichotabiri na ulichokiona. Naona hivyo hivyo kazini. Hata siku ambayo hofu haikushuka sana, mtu aliyeona utabiri wake umekosea huondoka na kitu mkononi.

Sitakuahidi kwamba lifti haitakwama tena. Hii ni Nairobi, stima hupotea, na jenereta nyingine huchelewa kuwaka. Tiba inayojengwa juu ya ahadi hiyo itabomoka siku ya kwanza ya giza. Lifti ikikwama, bonyeza kengele, piga simu kama mtandao unashika, keti sakafuni, na usijaribu kuipanua milango kwa mikono. Hatari iko kwenye kujitoa kwa nguvu, haiko kwenye kungoja. Kuna siku katika mazoezi tutasimama ndani ya lifti tumezima tochi na kufumba macho kwa makusudi, ili giza nalo lipate zamu yake.

Tochi nimeitaja kwa sababu. Wengi wanaoanza kuingia lifti hushika kitu: simu iliyowashwa, mkono wa mwenzake, chupa ya maji, rozari. Sikukatazi kuomba. Omba kabla ya kuingia, na ushukuru ukitoka. Lakini kile unachokishika ndani kana kwamba bila hicho utakufa, hicho ndicho kitakachopewa sifa zote, nawe utabaki mwoga vile vile siku utakayokisahau. Vidonge vya kutuliza na pombe vina shida hiyo hiyo: mwili haupati nafasi ya kuona hofu ikishuka yenyewe. Kama tayari unatumia dawa uliyoandikiwa, usiiache ghafla kwa sababu yangu, zungumza na aliyekuandikia.

Jambo moja ambalo video hazionyeshi ni kwamba hofu inaweza kurudi. Ivan Pavlov aliliona kwa mbwa wake: itikio lililozimwa hujitokeza tena baada ya mapumziko. Fundo la zamani halifutwi, unafunga jipya kando yake, na lile jipya hupenda kubaki mahali lilipofungwa. Ukifanya mazoezi kwenye lifti moja tu, ya Upper Hill inaweza kukushtua kana kwamba hujawahi kujifunza. Kwa hiyo baada ya kikao kikubwa, zunguka. Panda lifti ya kioo ya jengo la maduka. Panda ya hospitali, pana na ya polepole. Panda ile nyembamba inayolia ya jengo kuukuu karibu na barabara ya Tom Mboya. Panda asubuhi imejaa watu, panda jioni ukiwa peke yako. Wiki 2 za namna hiyo, kila siku, zitakujenga kuliko saa 2 za Jumamosi moja.

Kumpata mtaalamu: tangu sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, hii ni kazi inayosimamiwa na bodi, kwa hiyo omba kuona usajili wake bila haya. Hospitali za Mathari na Kenyatta zina kliniki za afya ya akili, na unaweza kuanzia huko. Kisha muulize swali moja: umewahi kuingia na mgonjwa ndani ya lifti? Ukiambiwa kwamba mtaongea ofisini tu kwa miezi 6, shukuru na utafute mwingine. Mazungumzo ni mazuri, lakini hofu ya lifti hutibiwa kwenye lifti.

Kaka yako usimfukuze. Amekuona ukipanda ngazi miaka yote hii na ameona uchungu, na nia yake ni njema kuliko njia yake. Msomee barua hii. Halafu mpe kazi. Siku mtaalamu atakaposema uko tayari kupanda peke yako jengo jipya, kaka atangulie ghorofa ya 17 asimame mbele ya mlango wa lifti. Asikupigie simu, asikuhimize, asishuke kukutafuta ukichelewa. Wewe utabonyeza kitufe ukiwa chini, wakati utakaoamua mwenyewe. Ukifika juu na bado kipimo kiko 70, msalimie, ubaki ndani, na ushuke tena.